Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Sheria imeshakiri kwamba mnyama anahisi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Kwa Wajumbe wa Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama,
Na kwa Wakurugenzi wa Halmashauri zenye minada na machinjio.

Waheshimiwa,

Naandika kuhusu Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa sheria zenye busara kubwa zilizopata kupitishwa na Bunge letu, lakini ukiwauliza wachuuzi wa mifugo, madereva wa malori na hata baadhi ya watendaji wa kata, wengi watakuambia hawajawahi kuisikia. Katika vifungu vyake vya mwanzo sheria hiyo inamtaka kila mwenye mamlaka chini yake azingatie kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na kwamba ustawi wa wanyama ni kielelezo cha ukomavu wa kimaadili wa jamii. Inautambua pia uhuru wa aina tano ambao mnyama anastahili: asikae na njaa wala kiu, asiwekwe mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu, majeraha wala maradhi, apate nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili, na asiishi katika hofu na dhiki. Ninachoomba ni kwamba maneno hayo yafike mnadani, kwenye lori na machinjioni. Hadi sasa, pale tunapoitekeleza sheria hii, tunaitekeleza kana kwamba ni sheria ya zamani ya kukataza ukatili, ilhali Bunge lilichagua jambo jingine.

Tofauti ya sheria hizo mbili inatokana na fikra za kimaadili zilizo nyuma yake, na naomba mniruhusu niieleze kidogo, kwa kuwa madai yangu yote yanasimama hapo. Kwa muda mrefu sheria za Ulaya, ambazo ndizo chimbuko la sehemu kubwa ya sheria tulizorithi, zilimtazama mnyama kama mali. Aliyemjeruhi ng'ombe alikuwa amemkosea mwenye ng'ombe. Alama ya mtazamo huo bado imo katika Kanuni yetu ya Adhabu, ambamo kosa la kumuua au kumjeruhi mnyama kwa makusudi limefungwa kwa mnyama ambaye anaweza kuibiwa. Anayelindwa hapo ni mfuko wa mtu. Baadaye wakaja wanafalsafa kama Immanuel Kant wa Ujerumani, waliosema kwamba anayezoea kumtesa mnyama huufanya moyo wake kuwa mgumu hata kwa binadamu wenzake, na kwa hiyo ukatili ukatazwe kwa ajili ya tabia ya mtu mwenyewe. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza, kwa juhudi za mbunge Richard Martin, lilipitisha sheria ya kukataza kuwatesa ng'ombe, farasi na kondoo, na sheria nyingi za namna hiyo zikafuata katika makoloni. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa wakitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ambayo inaorodhesha matendo yaliyokatazwa: kupiga, kupiga mateke, kuendesha kupita kiasi, kubebesha kupita kiasi, na mengineyo.

Sheria za aina hiyo zimefanya kazi nzuri na sizibezi. Hata hivyo zina upungufu mmoja mkubwa, kwamba zinamwangalia mtendaji na kuuliza alikuwa na moyo gani, wakati sehemu kubwa ya mateso ya wanyama haitoki kwa mtu mwenye moyo mbaya.

Swali la upande wa pili lilikwisha kuulizwa mwaka 1789 na Mwingereza Jeremy Bentham, aliyesema kwamba la kuangalia si kama mnyama anaweza kufikiri au kusema, bali kama anaweza kuumia. Ilichukua karibu karne mbili kabla ya watunga sera kulifanyia kazi swali hilo kwa dhati. Mwaka 1964 mwandishi Ruth Harrison alianika hali ya wanyama waliofungiwa katika mashamba makubwa ya Uingereza, umma ukashtuka, na Serikali ikaunda kamati iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell. Taarifa ya kamati hiyo ya mwaka 1965 ilisema jambo ambalo leo linaonekana dogo: mnyama anayefugwa awe angalau na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutokana na mawazo hayo, mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo la nchi hiyo lilipanga uhuru wa aina tano katika mfumo tunaoufahamu, na tangu mwaka 2005 shirika la kimataifa la afya ya wanyama, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, limekuwa likipitisha viwango vya kusafirisha na kuchinja mifugo vyenye msingi huohuo. Bunge letu mwaka 2008 lilichukua hatua hiyo ya tatu, baada ya ile ya kumtazama mnyama kama mali na ile ya kukataza ukatili. Lilisema kwamba mnyama ana hali yake mwenyewe, nzuri au mbaya, na kwamba hali hiyo ina uzito mbele ya sheria hata pale ambapo hakuna aliyekusudia ubaya.

Naeleza kwa mfano. Nilikuwa afisa mifugo hadi nilipostaafu, na katika mnada mmoja niliokuwa nikihudumu lilifika lori la ng'ombe waliosafiri usiku kucha. Hapakuwa na kipakilio, yaani jukwaa la mteremko la kupandishia na kushushia mifugo. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, ng'ombe wa kwanza alisimama ukingoni, akashusha pua kunusa chini, kisha akarudi nyuma. Vijana wakamsokota mkia hadi akaruka, akatua kwa magoti ya mbele. Nyuma yake, chini ya miguu ya wenzake, alikuwa amelala jike mwekundu aliyeanguka njiani. Pembe yake moja ilikuwa imevunjika kwenye shina, ubavu umechubuliwa na kwato, na ulimi umekauka hata ukashikana na midomo. Wakamziba pua kwa mikono ili akose pumzi, ashtuke na kuinuka. Hakuinuka. Wakamfunga kamba kwenye pembe iliyobaki na kumvuta hadi akadondoka kutoka kwenye bodi ya lori. Sikumwona hata mmoja kati ya vijana wale akifurahia alichokuwa akifanya. Walikuwa wanamaliza kazi waliyopewa kwa zana walizokuwa nazo, ambazo ni kamba, fimbo na mikono yao. Mwenye ng'ombe alikuwa kando akihesabu hasara. Karatasi zote zilikuwa sawa: kibali cha kusafirisha mifugo kilikuwepo, kimegongwa muhuri, na ushuru ulikuwa umelipwa kwa kila kichwa. Kibali kile hakikuwa na mstari hata mmoja uliouliza ng'ombe wale walikunywa maji lini.

Mbele ya sheria ya kukataza ukatili, tukio lile lina mshtakiwa dhaifu sana. Utamshtaki kijana wa kushusha, ambaye ndiye maskini kuliko wote waliokuwepo? Mbele ya sheria ya ustawi, maswali yanabadilika na yanapanda juu. Nani aliwajaza ng'ombe wale kiasi kwamba aliyeanguka hawezi kuinuka? Nani aliyepanga safari ya karibu kilomita 1,000, kama ile ya kutoka Shinyanga hadi Pugu, bila kituo cha kupumzisha na kunywesha? Nani anayekusanya ushuru katika mnada ambao hauna kipakilio wala birika lenye maji? Maswali hayo yana majibu, na baadhi ya majibu, Waheshimiwa, yapo katika ofisi zenu.

Ndiyo maana naomba kwanza kibali cha kusafirisha mifugo kibadilishwe. Leo kibali hicho kinalinda afya ya mifugo ya eneo wanakokwenda na kinazuia wizi, na hayo ni mambo ya lazima. Kiongezewe idadi ya juu ya wanyama kulingana na ukubwa wa bodi ya lori, saa ya kunywesha mara ya mwisho, mahali watakapopumzishwa, na jina la mtu anayewajibika njiani. Vizuizi vya barabarani ambavyo tayari vinakagua kibali hicho vikague na hayo. Jambo hili halihitaji taasisi mpya, kwa kuwa watumishi wapo na vizuizi vipo. Kinachokosekana ni agizo.

Pili, naomba halmashauri zibanwe kutumia sehemu ya ushuru wa mnada kwa ajili ya mnyama aliyelipiwa ushuru huo. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kuendelea kushusha ng'ombe kwa kuwarusha kutoka urefu wa kifua cha mtu. Kipakilio cha udongo ulioshindiliwa na kuzungushiwa magogo kinaweza kujengwa na nguvu za kijiji kwa siku chache. Cha zege kitadumu zaidi, lakini tusingoje zege.

Najua hoja inayopendwa zaidi katika mikutano ya wadau ni ya faida. Ni hoja ya kweli. Ng'ombe anayechinjwa akiwa amechoka na kuogopa huwa ameshamaliza akiba ya sukari iliyo katika misuli, na kwa hiyo nyama yake haipati asidi ya kutosha baada ya kuchinjwa. Inabaki nyeusi, ngumu na kavu, na huharibika upesi. Mahali alipopigwa damu huvilia, na mkaguzi wa nyama analazimika kukata na kutupa. Nimeitumia hoja hiyo mara nyingi kwa wenye mabucha na nitaendelea kuitumia. Hata hivyo nawasihi msiifanye kuwa msingi wa sheria, maana ulinzi unaosimama juu ya faida unakoma pale faida inapokoma. Ng'ombe mzee asiye na thamani sokoni anahisi kiu sawasawa na fahali wa kunenepeshwa, na sheria ya 2008 haikumbagua.

Suala la punda linaonyesha hatari hiyo waziwazi kuliko jingine lolote. Mahitaji ya ngozi za punda kwa ajili ya ejiao, dawa ya asili ya Kichina inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi hizo, yalileta machinjio ya punda hapa kwetu, Dodoma na Shinyanga, na mengine Kenya. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna ufugaji ambao ungeweza kuziba pengo la uchinjaji wa kiasi kile. Wizi wa punda ukaongezeka, na akina mama waliotegemea punda kuteka maji na kusaga wakaamka na kukuta zizi tupu. Kenya ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2020, lakini Mahakama Kuu ikatengua katazo hilo mwaka 2021. Sisi tulisitisha mwaka 2022, na Desemba ya mwaka huohuo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika uliopendekeza usitishaji wa miaka 15 katika bara zima. Februari 2024 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubali kukataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao.

Naipongeza Serikali kwa hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini tazameni sababu zilizotolewa hadharani: punda wataisha, uchumi wa kaya utaumia, wizi umezidi. Zote ni sababu zinazomhusu binadamu au idadi ya punda kwa jumla, na zote zinaweza kutoweka siku mtu atakapokuja na shamba la kuzalisha punda kwa wingi. Punda mmoja mmoja, yule anayevuta mkokoteni wa maji akiwa na kidonda kilicholiwa na kamba begani hadi nyama nyekundu inaonekana, na anayechapwa juu ya kidonda hichohicho ili aongeze mwendo, hajaguswa na katazo hilo. Ameepushwa na kisu, akabaki na kamba. Kama tungeanzia mahali ambapo sheria yetu inaanzia, kwamba kiumbe huyu anahisi, tungekuwa tumeagiza pia kwamba mkokoteni usifungwe kwa kamba ya katani au waya mtupu juu ya ngozi, tungewafundisha mafundi wa vijijini kushona matandiko na mikanda mipana kwa magunia na mipira iliyochakaa, na tungemruhusu afisa mifugo kumpumzisha punda mwenye kidonda hadi apone. Mwenye punda angefaidika, naam. Lakini punda angestahili hayo hata kama mwenyewe asingefaidika.

Kuhusu mbwa wazururao nitasema kwa kifupi. Halmashauri kadhaa zimekuwa zikiwapiga risasi au kuwatega kwa sumu kila hofu ya kichaa cha mbwa inapozuka, na mbwa aliyepigwa risasi ya vipande au aliyekula sumu hafi mara moja. Kampeni hizo hazijatuondolea ugonjwa. Kilichothibitika, na kilithibitika katika nchi yetu wenyewe, ni chanjo: kisiwa cha Pemba kilifanikiwa kuutokomeza kwa kuchanja mbwa kwa wingi, ukarudi ulipoingizwa tena kutoka nje, na ukatokomezwa tena kwa chanjo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Fedha za risasi ziende kwenye chanjo, na kuua kwa risasi na sumu kukatazwe kwa kanuni iliyo wazi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya Wazungu waliokwisha kushiba. Nimeyataja majina ya Waingereza kwa sababu historia ya sheria hii imepita kwao, lakini maadili yenyewe hayakusubiri meli zao. Muislamu anayechinja katika machinjio yetu amefundishwa kwa hadithi sahihi kwamba Mwenyezi Mungu ameagiza wema katika kila jambo, na kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Amefundishwa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mnyama aliyekwisha kulazwa. Katika karne ya 13 mwanachuoni Izz al-Din ibn Abd al-Salam aliandika haki za mnyama juu ya mwenye kumfuga, ikiwemo kumlisha hata anapozeeka au kuugua asiweze tena kuleta manufaa, na kutombebesha asichokiweza. Mkristo anasoma katika Mithali kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, na katika Kumbukumbu la Torati kwamba ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa. Na mfugaji wa Kimaasai au wa Kisukuma anayemjua kila ng'ombe wake kwa rangi na kwa ukoo hahitaji mtu wa kumweleza kwamba ng'ombe anaogopa. Kwa hiyo nawaomba masheikh, mapadri na wachungaji waitwe mezani wakati kanuni za machinjio zinapopitiwa upya, kwa sababu kumnyima mnyama nafasi ya kuona mwenzake akichinjwa, kunoa kisu ipasavyo na kutomwangusha kwa kumkata mishipa ya miguu ni mambo ambayo sheria na dini zinayadai kwa pamoja, na mchinjaji atamsikiliza kiongozi wake wa dini mapema kuliko atakavyolisikiliza tangazo la halmashauri.

Hoja ya umaskini naichukulia kwa uzito mkubwa zaidi. Kijana anayening'iniza kuku kumi na tano kichwa chini kwenye baiskeli hana tenga, na pengine hana mtaji wa kununua tenga. Kuku huyo anaumia, damu inamshukia kichwani na mbawa zinateguka, na sitaki kuficha hilo. Lakini sheria ikianza kwa kumtoza faini kijana huyo huku malori yenye kibali yakipita, wananchi wataichukia, na watakuwa na haki ya kuichukia. Utekelezaji uanze kwa wenye uwezo na wenye mamlaka: wamiliki wa malori, wenye machinjio makubwa, mashamba ya kuku wa kisasa, na halmashauri zenyewe. Kwa wadogo, mafunzo na vifaa vitangulie, adhabu ifuate baadaye.

Mafunzo hayo yatolewe kwa lugha inayoeleweka. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za nchi hii, na hakuna sababu ya vifungu vya ustawi wa wanyama kukosekana kwenye ubao wa kila mnada na ukuta wa kila machinjio kwa Kiswahili chepesi, vikiwa na michoro kwa wale wasiosoma. Wakaguzi wanaoteuliwa chini ya sheria hii watajwe kwa wilaya, ili mwananchi aliyeona jambo ajue amwendee nani, na polisi wa vituo vidogo waelezwe kwamba shauri la punda aliyejeruhiwa ni shauri kama mengine.

La mwisho nalielekeza kwa Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama na kwa Waheshimiwa Wabunge. Baraza liliundwa na sheria ili limshauri Waziri, na wananchi tungependa kujua limemshauri nini. Naomba kila mwaka, kabla ya bajeti ya Wizara kupitishwa, Baraza liwasilishe kwa Kamati ya Bunge inayohusika na mifugo taarifa inayosema ni minada mingapi ina vipakilio na maji, ni malori mangapi yamekaguliwa kwa ajili ya ustawi, ni mashauri mangapi yamefikishwa mahakamani na yameishaje, na ni mbwa wangapi wamechanjwa. Kamati iisome taarifa hiyo hadharani, na imuulize Waziri kuhusu kila wilaya ambayo safu yake itakuwa tupu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Afisa mifugo mstaafu,
Dodoma